Tuulize kwa nia ya kujua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo kuhusu namna tunavyoulizana maswali kazini na hata majumbani, kwa sababu nimesimamia ghala la dawa kwa miaka mingi na nimeona kwamba makosa mengi tunayoyaita uzembe huanzia katika swali lililoulizwa vibaya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na methali hiyo imewatia moyo wanaoogopa kuuliza. Mimi nawafikiria zaidi wale wanaouliza kutwa nzima bila kutaka kujua.

Nitoe mfano unaonihusu mwenyewe. Nilikabidhiwa kijana mgeni kazini, nikamweleza kwa kirefu kwamba dawa zinazokaribia kuisha muda ndizo zitangulie kutoka, hata kama ziliingia ghalani baadaye. Nilipomaliza nikamwuliza, "Si umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, bosi." Baada ya siku chache nilikuta maboksi yamepangwa kwa tarehe ya kuingia, na yale yaliyobakiwa na muda mfupi yamesukumwa nyuma kabisa, ukutani. Nilikuwa tayari kumfokea, lakini nilipoyarudia maneno yangu moyoni nilitambua kwamba sikuwa nimemwuliza kitu. Ile "si" ilikuwa imekwisha kumjibia. Kusema "hapana" kungekuwa kunipinga, na ni nani anayeanza kazi kwa kumpinga mkubwa wake? Kosa lilikuwa langu, na nilimwambia hivyo.

Siku hizi nauliza: "Hebu nieleze, ukifika rafuni utaanza na boksi lipi, na kwa nini?" Swali hili halijibiki kwa neno moja. Mtu anapoeleza, pale asipoelewa hujitokeza penyewe, na zaidi ya mara moja limenionyesha kwamba ni mimi niliyeeleza kwa haraka.

Lugha yetu ina viulizi vingi, na uzito wake haulingani. Ukimwambia mtu "Mbona umechelewa?" umekwisha kumlaumu, naye ataacha kusimulia yaliyomkuta aanze kujitetea. "Kwani hujui?" ni karibu na tusi. Swali la kukanusha nalo lina mtego wake: ukiuliza "Mzigo haujafika?" ukajibiwa "Ndiyo", je, umefika au haujafika? Wapo wanaokubaliana na ukanushi wako, na wapo wanaomaanisha kwamba umefika. Simu ikikatwa, kila mmoja huondoka na lake.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari hayo yalikuwa katika mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria wastani wa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa, na walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria 31.8, ilhali filamu zilikuwa zilezile. Ikiwa neno moja linaweza kuongeza mwendo wa gari katika kumbukumbu ya aliyeliona, basi mkubwa anayeuliza "Nani ameharibu?" badala ya "Ilikuwaje?" asishangae akiletewa jina la mtu huku chanzo cha uharibifu kikibaki palepale.

Wapo watakaosema kwamba maswali ya namna hii yanapoteza muda. Sisi tulitumia siku nzima kuyapanga upya maboksi yale, kwa ajili ya swali la maneno mawili.

Nawaomba wasimamizi wenzangu wajaribu jambo moja kesho: watakapomaliza kutoa maelekezo, waiache "Umeelewa?" na wamwombe mtu aeleze kwa maneno yake atakavyoifanya kazi, kisha wanyamaze mpaka amalize, hata kama atachukua muda kuanza.

Msomaji wako,
Msimamizi wa ghala