Panya wa jaribio lako la mguu uliokosa damu

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza uchukue panya gani, na ateri ya paja uifunge wapi. Majibu ya hayo mawili yana uzito kuliko dawa utakayoijaribu.

Usianze na aina ya panya wa maabara iitwayo C57BL/6, ingawa ndiye anayepatikana kirahisi. Amezaliwa na mishipa mingi ya pembeni inayounganisha ateri na ateri. Ukimfunga mshipa mkubwa, damu inapita huko kama magari yanavyokimbilia vichochoroni barabara kuu ikifungwa, na baada ya wiki tatu au nne mguu umepona sehemu kubwa bila dawa yoyote. Chukua aina nyingine, BALB/c. Vichochoro vyake ni vichache, tofauti ambayo kwa sehemu kubwa imefuatiliwa hadi kromosomu ya 7, ndiyo maana vidole vyake huwa vyeusi na kuoza. Kwa hiyo kibali chako cha maadili kitamke mapema kidonda kikifika wapi mnyama auawe kwa huruma.

Mlaze kwa isoflureni, gesi ya usingizi, juu ya kitanda cha joto la nyuzi 37. Pasua ngozi ya paja kama sentimita moja. Chini ya hadubini utaona vitatu vimelala pamoja: neva nyeupe, ateri nyembamba, na vena pana yenye rangi iliyoiva. Sogeza neva kwanza. Kazi ngumu ni kuachanisha ateri na vena, kwani ukuta wa vena ni laini kama utando wa ndani wa kitunguu. Usiubane kwa kibano. Ingiza ncha katikati, kisha ifungue taratibu. Vena ikichanika, gandamiza kwa pamba yenye maji ya chumvi hadi damu ikate. Usiifunge: damu ikikosa pa kutokea mguu utavimba, nawe utakuwa unapima ugonjwa mwingine.

Funga ateri kwa uzi mwembamba wa hariri wa saizi 6-0 juu, na tena chini kabla haijagawanyika kwenda gotini, kisha kata kipande cha katikati. Fundo la juu likihama milimita chache tu, tawi la pembeni hubaki wazi kwa panya huyu na kuzibwa kwa yule. Wote wafungwe na mtu yuleyule mmoja.

Maumivu yatulize kwa buprenofini. Epuka ibuprofeni na jamii yake, maana uvimbe unaozuiwa na dawa hizo ni sehemu ya namna mishipa ya pembeni inavyokua.

Pima mtiririko wa damu kwa Doppler ya leza mara tu baada ya upasuaji, halafu siku ya 3, 7, 14, 21 na 28, ukigawanya mguu uliofungwa kwa mzima. Mwanzoni tarajia 0.1 hadi 0.2. Ambaye hakushuka mtoe kabla ya kugawa dawa, kamwe si baada. Leza huona damu ya juujuu tu, basi chukua pia nyama ya shavu la mguu uhesabu kapilari kwa CD31, protini inayotambulisha seli za ukuta wa mishipa ya damu, na anayehesabu asijue nani alipewa nini.

La mwisho, tafadhali usidunge dawa siku ileile ya upasuaji. Mgonjwa huja mguu ukiwa umekosa damu kwa miezi, naye ni mzee, mara nyingi ana kisukari. Jeni ya FGF1, protini inayochochea mishipa kukua, ilifanya vizuri kwa wanyama, lakini katika jaribio la TAMARIS, lililochapishwa 2011 likiwa na wagonjwa 525, haikupunguza kukatwa miguu wala vifo. Anza siku ya 7 au baadaye, na kundi moja liwe la panya wazee.

Rafiki yako