Kwa vijana mnaotaka kuandika katuni

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mlinijia watano, kila mmoja na shujaa wake. Yupo anayeruka juu ya jumba refu la KICC pale Nairobi, yupo anayesimamisha matatu kwa kidole. Nilipouliza hadithi iko wapi, nikaonyeshwa ramani ya ufalme na orodha ya maadui kumi na wawili. Hadithi yenyewe, hata ukurasa mmoja hakuna.

Ugonjwa huo naujua, niliuugua. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya kurasa mia mbili. Mchoraji alipofika ukurasa wa 11 akaniuliza pesa, nikamwambia tutagawana tukishauza. Hakurudi, na simlaumu. Ukurasa ulioandika kwa nusu saa unaweza kumla mwenzako siku nzima.

Basi anzeni na kurasa nane. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa nne; karatasi mbili zinatoa nane. Stepla mbili mgongoni, kitabu hicho. Sisi tulikua tukimsubiri Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo: fremu chache tu, na mtu alicheka.

Sasa lile lililoniumiza kichwa. Mmoja wenu aliandika: "Fremu ya 1: Achieng anashuka matatu pale Odeon, anavuka barabara, anagundua ameibiwa simu." Mchoraji achore lipi hapo? Picha haitembei. Nikachukua kalamu. Fremu ya 1: mguu wa Achieng uko hewani, konda anagonga bodi. Fremu ya 2: yuko ng'ambo, mkono mfukoni, uso umebadilika. Fremu ya 3: mfuko umegeuzwa nje, mtupu. Hakuna aliyesema neno. Kule kuvuka tumekuacha kwenye mwanya mweupe kati ya fremu. Msomaji atavuka mwenyewe. Na hiyo ya tatu iwekeni mwanzo wa ukurasa wa kushoto, ili mtu aione akishafunua.

Vipovu vya maneno ya wahusika visijae. Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Hawakutuambia" peke yake inamaliza mstari. Mchoro ukionyesha mvua, Achieng asituambie kunanyesha. Sheng ruksa, mradi iwe ile mnayoongea stejini, si ya kubuni mezani. (Mnieleze maana yake baadaye, mimi nimeachwa zamani.)

Mchoraji asiguse penseli kabla hamjaandikiana mhusika ni wa nani, nani analipwa ngapi, na lini. Kazi ikiisha, isajilini KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa majina yenu wote wawili, mwandishi na mchoraji. Ikiisha, nasema, maana hakimiliki hailindi wazo lililo kichwani.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne, chai itakuwepo. Leteni kurasa nane nane, zilizochapwa. Za simu macho yangu hayaziwezi. Ramani za ufalme ziacheni huko huko.

Mzee wenu,
Makadara