Weka saa za nyama, si saa za kurudi kwako

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, na mdogo wangu kile kikohozi kimemtoka kabisa. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama jikoni, nikaona nikujibu leo leo kabla hujakirudisha hicho chungu cha umeme cha kupikia pole pole kwenye boksi lake. Usikirudishe. Unasema kuku alitoka mkavu kama uzi, viazi vilibaki vigumu katikati, na mchuzi ulikuwa maji matupu. Yote matatu yamewahi kunipata, na yote yana sababu. Naamini chungu chako ni kizima.

Nianze na kuku, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Unatoka saa 12 na nusu asubuhi, unarudi saa 11 jioni, kwa hiyo ukatia vidali vya kuku, ukaweka muda wa saa 10 na kuondoka. Saa 10 ni muda wa kutokuwepo kwako. Kuku hahitaji saa zote hizo. Kidali hakina mafuta wala kano, na kwa joto la chini saa 3 hivi zinakitosha. Kila saa inayozidi hapo inakikamua maji. Hicho chungu kiliwekewa saa na vitufe kwa ajili hiyo hasa: unakipa muda ambao chakula chenyewe kinautaka, na muda ukiisha kinajishusha chenyewe kwenye joto la kuhifadhi, chakula kikabaki moto mpaka ufungue mlango. Ila hata hilo joto la kuhifadhi si la kukiacha humo siku nzima. Saa 2 ni sawa, saa 4 ndio mwisho wangu, baada ya hapo nyama inaanza kupoteza ladha na mboga zinavurugika.

Basi siku za kazi usipike kidali. Pika vitu vinavyoutaka huo muda mrefu: nyama ya mguu, ya bega, ya shingo, ile ambayo ukiikata mbichi unaona mishipa myeupe imepita katikati. Myeupe ile ni kolajeni, protini inayoshikanisha nyama. Kuanzia nyuzi 70 hivi za Selsiasi inaanza kulainika na kuyeyuka, pole pole, saa baada ya saa, mpaka inakuwa ule utelezi unaougandisha mchuzi ukiuacha upoe. Huwezi kuiharakisha kwa kuongeza moto. Ukichemsha kwa fujo nyuzi za nyama zinajikaza kabla myeupe haijayeyuka. Kwa nyama kama hiyo weka saa 8 za joto la chini, kisha saa 2 na nusu za kuhifadhi zikusubiri ukirudi. Kama ni lazima iwe kuku, tia mapaja yenye mfupa, saa 6 na nusu, si vidali.

Na usidhani joto la chini ni la uvuguvugu. Katika vyungu vingi joto la chini na la juu huishia karibu mahali pamoja, chini ya nyuzi 100 za kuchemka. Tofauti ni mwendo wa kufikia hapo. Ndiyo maana saa 1 ya juu tunaihesabu kama saa 2 za chini, kwa kukadiria tu.

Viazi vyako vilikuwa juu ya nyama, sivyo? Joto la chungu hiki linatoka ubavuni na chini, halitoki juu. Viazi na karoti, ambavyo ungedhani ni laini kuliko nyama, humo ndani vinachelewa kuiva kuliko nyama. Vikate vipande vya sentimita 2 au 3, vilingane, uvipange chini na kuzunguka ubavu, nyama ilale juu yake. Pia chungu kijae angalau nusu, kisizidi theluthi mbili. Kikiwa na chakula kidogo kinaunguza pembeni, kikijaa hadi ukingoni katikati hapaivi kwa wakati.

Maji ni kosa la kila mtu anayetoka kwenye sufuria ya jikoni. Umezoea mvuke unaopotea, unatia maji ya kufidia. Humu mvuke haupotei, unagonga kifuniko cha kioo na kurudi chini, na juu ya hapo kitunguu, nyanya na nyama vinatoa maji yao. Kwa kilo 1 ya nyama mimi natia kikombe 1 tu, na mara nyingi nusu. Mara ya kwanza mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Mchuzi ukitoka mwepesi hata hivyo, koroga vijiko 2 vya unga wa ngano katika maji baridi, umimine, uweke joto la juu kwa nusu saa na kifuniko ukiachie upande kidogo. Hiyo ndiyo nusu saa pekee ambayo kifuniko kinafunguliwa bila hasara. Nyakati nyingine kila ukichungulia unapoteza joto ambalo chungu kitahangaika dakika 20 au 30 kulirudisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo vitabu vidogo vya maelezo vinalipita haraka, nami naona ndilo linalotenga chakula kitamu na chakula kilichochemka tu. Kaanga kwanza. Harufu ile ya nyama iliyogeuka rangi ya kahawia haitokei chini ya nyuzi 140 hivi, na chungu hiki hakifiki huko hata ukikiacha siku mbili. Usiku, watoto wakishalala, nakausha vipande vya nyama kwa kitambaa safi mpaka havina unyevu, kikaango kinapata moto hasa, mafuta yanaanza kutoa moshi mdogo, naviweka vipande vichache vichache visigusane. Sivigeuzi mpaka vyenyewe viachie kikaango. Ukivuta kikang'ang'ania, bado. Vikishageuka kahawia pande mbili navitoa, natia kitunguu katika mafuta yale yale, na kitunguu kikianza kulegea namimina maji nusu kikombe na kukwangua chini kwa mwiko wa mti. Ile rangi nyeusi-nyekundu iliyoganda chini ya kikaango ndiyo ladha yote ya kesho. Usiiache iende na maji ya kuoshea vyombo.

Ukishaikaanga hivyo, nyama lazima uipike mfululizo mpaka iive. Usiikaange juu juu ukailaza nusu mbichi. Kwa hiyo mimi ama naanza kupika usiku saa 4, chungu kinamaliza saa 12 asubuhi, naihamishia kwenye bakuli pana na kuipeleka kwenye friji kabla sijatoka, ama naamka saa 11 alfajiri nikaange kabla ya kutoka. Ya usiku naipenda zaidi. Jioni naichemsha tu kwenye jiko la kawaida mpaka itokote, dakika 15, na mafuta yaliyoganda juu nimeshayatoa kwa kijiko. Kupasha chakula baridi ndani ya chungu chenyewe hapana, kinachukua muda mrefu mno kupata moto.

Uliniuliza kama unaweza kutia vitu asubuhi, ukakiwekea saa kianze chenyewe mchana. Kwa nyama, usifanye hivyo. Kati ya nyuzi 4 na 60 vijidudu vinazaliana haraka, na nyama mbichi isikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Anza mara moja, acha saa ya kuhifadhi ndiyo isubiri. Kwa sababu hiyo hiyo nyama iliyoganda ya frizani usiitie kama jiwe. Iyeyuke kwanza ndani ya friji usiku kucha.

Na maharagwe mekundu. Hapa naomba unisikilize kama ungemsikiliza dada yako. Mwaka wa kwanza wa chungu changu niliyaosha, nikayatia na maji, nikaweka saa 8 za joto la chini. Jioni yalikuwa yameiva nusunusu, nikayaongezea chumvi, tukala. Kabla ya saa 4 kupita sote tulikuwa tunatapika, mtoto wa mwisho akiwa amelala mapajani mwangu na beseni pembeni. Alikuwa na miaka 4. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini, inayovunjwa na kuchemka kwa nguvu. Na joto la nyuzi 80 hivi, ambalo chungu hiki kinakaa nalo muda mrefu kikipanda, halivunji sumu hiyo bali linaweza kuifanya kali mara kadhaa kuliko maharagwe mabichi yenyewe. Kwa hiyo: loweka angalau saa 5, mwaga maji yale, tia maji mapya, chemsha kwenye jiko la kawaida yakitokota hasa kwa dakika 30, ndipo yaingie kwenye chungu. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yameshalainika, maana uchachu unayafanya yakatae kuiva. Tangu siku ile sijaruka hatua hata moja.

Jambo jingine ni umeme. Chungu hiki hakili sana, vingi vya ukubwa wa familia viko kati ya wati 200 na 300, kwa hiyo bili haikunitisha. Tatizo ni ukikatika. Vile vya zamani vyenye kitasa cha kuzungusha, umeme ukirudi vinaendelea. Vya vitufe kama chako na changu, vingi vinasahau kila kitu. Ukirudi unakuta tarakimu zinawaka na kuzima, na chakula kimepoa. Kama ulikuwepo na umeona umekatika sasa hivi, hamishia kwenye jiko jingine umalizie. Kama hukuwepo na hujui umekatika saa ngapi, mwaga, hata kama kinanukia vizuri. Inauma, najua, nimemwaga kilo nzima ya nyama nikiwa na njaa. Kama kwako unakatika mara kwa mara, pika usiku au siku ambazo kuna mtu nyumbani.

Nilisoma habari moja iliyonigusa. Aliyebuni chungu hiki alikuwa Irving Naxon wa Chicago, hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ikatolewa mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi kwao Lithuania chungu cha maharagwe, nyama na mboga kilivyopelekwa kwa mwoka mikate jioni ya kuamkia Sabato ya Wayahudi, kikalala ndani ya tanuri mpaka kesho yake. Miaka ya 70, kampuni ya Rival ikakiuza upya kwa jina la Crock-Pot, na kikaenea. Mimi nililolishika ni tanuri lile: lilianza kali, likashuka lenyewe usiku kucha bila mtu kuligusa. Hiyo ndiyo saa waliyokuwa nayo. Sisi tunabonyeza kitufe tupate kile kile.

Kwa mara ya kwanza upike hivi. Nyama ya mguu kilo 1 na robo, vipande vya kujaza kiganja, ikaangwe kama nilivyosema. Viazi 5 na karoti 3 chini. Vitunguu 2, kitunguu saumu punje 4 nzima, nyanya 2 zilizokatwa, kijiko 1 cha chumvi kisichojaa, pilipili manga nzima punje 10, maji kikombe 1. Joto la chini saa 8. Viungo vya unga na majani mabichi tia dakika za mwisho, ukitia mapema harufu inaishia hewani. Onja chumvi mwishoni. Njegere, kama wanazipenda, nusu saa kabla ya kupakua, na maziwa au malai vivyo hivyo, vinginevyo yanakatika. Nyama imeiva ukiiegemezea kijiko nayo inafunguka bila kukatwa. Ikikataa, haijaharibika, ongeza saa 1.

Lakini kabla ya hiyo nyama, Jumamosi hii fanya jambo moja, nami nalisubiri jibu lake. Jaza chungu nusu kwa maji ya kawaida, funika, weka joto la chini saa 8, usifungue. Zikiisha, funua na uchomeke kipimajoto pale pale kabla maji hayajapoa. Yakiwa kati ya nyuzi 85 na 93, chungu chako kiko sawa na saa nilizokuandikia zitakufaa kama zilivyo. Yakizidi hapo, ni kikali, tutapunguza saa 1 au 2 kwa kila kitu. Yakiwa chini ya 85 usikipikie nyama hata kidogo, kirudishe walikokuuzia. Niandikie namba uliyoipata, nami nitakupangia saa za kuku, za maharagwe na za ile supu ya mifupa ambayo mama yako anaitaka.

Wabusu watoto, na mama mwambie namsalimia sana.

Ni mimi rafiki yako,
wa siku zote.