Kabla Fundi Hajapiga Windo Upya

Isevya, Tabora
Jumapili jioni, mwezi wa Tisa

Shoga yangu mpenzi,

Habari za Mwanga, hapo Kigoma, habari za watoto na baba yao? Huku kwetu tu wazima, alhamdulillahi. Kiangazi kimekaza na vumbi linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Mama mkwe mpe shikamoo yangu, mwambie asali yake ya Sikonge nimeshaipata, itakuja na mzigo nitakaokueleza huko mbele.

Barua yako imenifikia jana, na hili la kompyuta nimeona nisilicheleweshe. Umesema mashine inajizima na kujiwasha yenyewe, na fundi anakuja Jumamosi kupiga windo upya, yaani kufuta Windows na kuiweka mpya. Mwambie asubiri. Simjui na wala simdharau, lakini kwa maelezo yako hakuna alichokipima. Kompyuta kujizima na kujiwasha yenyewe kuna sababu nyingi, na kupiga windo upya kunaondoa moja au mbili tu kati ya hizo. Ikiwa ni mojawapo ya zile nyingine, ugonjwa utabaki palepale na vitu vyako vitakuwa vimeshafutwa. Humo ndani kuna hesabu za kikoba chenu tangu mnaanza, kuna maazimio yako ya kazi, na kuna picha za marehemu mama ambazo uliniambia hazipo kwenye simu ya mtu yeyote. Hizo picha ndizo zilizonifanya nikuandikie usiku huu huu.

Kwa hiyo kabla hata ya kufungua skrubu moja, tafuta flashi mbili na unakili hayo yote kwenye zote mbili. Fanya asubuhi, mashine ikiwa imepoa baada ya kulala usiku kucha, na friji iwe imechomolewa, sababu yake utaiona huko mbele. Nakili folda moja moja, usibebe vyote kwa mkupuo. Na unakili, usikate. Mashine ikizima katikati ya kunakili, faili la asili linakuwa bado lipo mahali pake. Ukishamaliza chomeka flashi kwenye kompyuta ya shule, ufungue picha mbili tatu uone kama kweli zinafunguka.

Sasa nirudi kwenye maneno yako mwenyewe, maana umeandika mambo makubwa bila kujua. Umesema asubuhi unaandaa masomo bila tatizo. Umesema inazima zaidi jioni, hasa kijana akicheza mpira wake wa kwenye kompyuta. Na umesema Ijumaa ilizima "pale pale friji ilipounguruma". Shoga yangu, windo iliyoharibika haijui saa, wala haijui friji. Jioni mtaa mzima umewasha taa, televisheni na pasi, umeme unashuka nguvu. Jioni pia mashine imeshashinda imewaka, imepata joto. Na mchezo wa mpira unaifanya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ivute umeme mwingi na ipate moto kuliko ukiandika barua. Ukiyaweka pamoja yanaelekeza kwenye joto au kwenye umeme. Mimi moyo wangu uko kwenye umeme, lakini nataka tupime, tusikisie.

Kuna jambo moja linawachanganya watu wengi. Windows ikipata hitilafu kubwa huonyesha ukurasa wa bluu wenye maelezo, lakini kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya muda mfupi baadaye, na asiyekaa mbele ya skrini haoni kitu. Ondoa mpango huo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, kisha Enter. Ingia palipoandikwa "Advanced", bonyeza "Settings" iliyo chini ya "Startup and Recovery", na utoe alama ya vema kwenye "Automatically restart". Kuanzia hapo, kosa likiwa la programu, la dreva (programu inayoendesha kifaa) au la RAM (kumbukumbu ya muda), mara nyingi ukurasa wa bluu utabaki umesimama na utaupiga picha kwa simu. Lakini ukiona skrini inakuwa nyeusi ghafla na mashine inawaka upya bila ukurasa wowote, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika. Mara nyingi umeme ndio ulioitoroka.

Fundi anaweza kukufungulia daftari la matukio liitwalo Event Viewer na kukuonyesha mstari wa Kernel-Power namba 41, akasema ndio uthibitisho kwamba pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, imekufa, au kwamba windo imeoza. Mstari huo hausemi hivyo. Namba 41 inaeleza tu kwamba mara iliyopita mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, haitaji aliyeizima. Mwombe afungue maelezo yake atazame BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikuandika kosa lolote kabla ya kuzimika, na hapo shaka inazidi kwenda kwenye umeme, joto au kitufe. Ikiwa ni namba nyingine, kuna ukurasa wa bluu uliopita na ninyi hamkuuona.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina gharama. Jioni, saa zile inazosumbua, washa mashine na ugonge F2, F10 au Del mara kadhaa mpaka uingie kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows. Iache humo humo saa nzima. Humo Windows haijaanza, haipo kabisa kwenye kazi. Ikijizima ukiwa humo, habari ya kupiga windo upya imekwisha, na umwite fundi mwenyewe aje aone kwa macho yake. Isipojizima, usiisafishe lawama bado, kwa sababu ndani ya BIOS mashine haifanyi kazi nzito kama kwenye mchezo.

Ikiwa humo ndani ya BIOS, mwambie kijana achomeke friji. Iwe imekaa imechomolewa dakika tano au zaidi, maana kompresa ikizimwa na kuwashwa harakaharaka nayo inaumia. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia, halafu inashuka. Kama waya za nyumba ni nyembamba, kama soketi imelegea, au kama friji na kompyuta zinakula kwenye ekstensheni moja (najua zinakula moja, nimekaa sebuleni kwako), basi kwa kitambo hicho volti zinazoifikia kompyuta zinaporomoka. Taa inafifia kidogo, televisheni inavumilia, kompyuta inazima. Pawa saplai nzima ina kapasita zilizohifadhi umeme wa kuivusha mashine kwenye pengo la milisekunde chache. Iliyochoka haina akiba hiyo tena. Ndiyo maana mashine ile ile ilivumilia miaka yote na sasa inashindwa, na wala friji haijabadilika.

Kwa hiyo leo hii tenganisha. Kompyuta ipewe soketi yake ya ukutani, friji yake, na ile ekstensheni uishike kwa mkono ikiwa na kazi. Plagi ikiwa ya moto au ina weusi kwenye meno yake, itupe, na usimpe mtu mwingine. Ikiwa soketi yenyewe inacheza, hiyo ni kazi ya fundi umeme, wala si ya fundi kompyuta, na usiiahirishe kwa sababu ni hatari kwa watoto kuliko kwa kompyuta. Nyote mnaokumbuka Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla haijaungwa kwenye gridi ya taifa, mmezoea umeme kuyumba mpaka hamuushtukii. Mashine haijazoea. Umeuliza kuhusu stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti: inasaidia volti zikishuka au zikipanda polepole, lakini kwa pengo la ghafla unahitaji UPS, kifaa kinachotoa umeme wa betri ule wa ukutani ukikatika, yenye betri nzima. UPS yenye betri iliyokufa inaweza kuwa ndiyo mwizi mwenyewe.

Fundi akiwa na mita, na mashine ikiwa inacheza huo mpira, apime kwenye nyaya zinazotoka kwenye pawa saplai. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ukishuka chini ya hapo kila kazi inapozidi, jibu limepatikana. Lakini boksi la pawa saplai lenyewe asilifungue hata kama plagi imechomolewa, kapasita za ndani zinabaki na umeme unaoweza kumtupa mtu. Atazame tu kapasita za kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Yoyote iliyovimba kichwa au iliyotoa maji ya kahawia, mnitaarifu.

Upande wa joto, kazi ni yenu na haichukui muda. Zima, chomoa waya, toa mfuniko wa pembeni. Mwanga kwenu kuna vumbi la barabara na moshi wa mkaa, na vumbi lenye mafuta ya moshi linashika kwenye feni kama gundi. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, na blowa ukiipata. Feni ishike kwa kidole isizunguke unapopuliza. Tazama chini ya feni ya prosesa, katikati ya mapezi ya lile bati la kupozea, maana mara nyingi feni inaonekana safi kumbe mapezi yamezibwa na blanketi la vumbi. Mashine ikiwa na miaka mingi, fundi atoe bati hilo na kupaka upya ile dawa ya kijivu inayopitisha joto, tone dogo katikati, isiwe lundo. Halafu iondoe sakafuni nyuma ya pazia. Iweke juu ya meza, mgongo wake uwe mbali na ukuta. Weka HWMonitor, programu ya kusoma joto, ni ya bure, umwache kijana acheze huku unasoma namba. Nyuzi 70 au 80 kwenye mchezo hazinitishi. Ikikaribia 100, prosesa nyingi hujipunguza kasi na mwisho mashine hujizima isiungue.

RAM sitaisema sana. Ikiwa na vipande viwili, tumieni kimoja siku nzima, kisha kingine. Meno yake ya dhahabu yasugueni taratibu kwa raba safi ya penseli. Pia chunguzeni kile kitufe cha mbele, cha kuwashia au cha riseti. Jirani yangu mmoja hapa alishabadilishiwa pawa saplai na RAM, kumbe kitufe kimenasa ndani na kila meza ikitikiswa kinajibonyeza. Kukipima ni kuchomoa waya wake mwembamba kwenye madabodi baada ya mashine kuwaka, na kuona kama tatizo linakoma.

Na kuhusu virusi, naona baba watoto ameng'ang'ania hapo. Nadhani anakumbuka Blaster ya Agosti 2003, iliyokuwa inaleta kisanduku kinachohesabu sekunde 60 kisha Windows XP inajiwasha upya. Ile ilikuwa kweli ni ya programu, na sahihisho lake Microsoft walikuwa wameshalitoa Julai mwaka huo huo. Ya kwenu haihesabu wala haiagi. Kama fundi atasema ni kwa sababu Windows 10 imekwisha, ni kweli masahihisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na siku moja itabidi mhame. Lakini kukoma huko hakuzimi kompyuta friji ikiunguruma.

Mvua za kwanza ziko karibu, na radi za ziwani kwenu mnazijua. Wingu likikusanyika, chomoa plagi ukutani na waya wa intaneti pia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Sasa mzigo. Hapa kwangu nina pawa saplai nzima niliyoitoa kwenye mashine iliyokufa madabodi. Nataka kukutumia mjaribu kabla hujatoa pesa kununua, na mtu wetu anapanda treni ya Kigoma wiki ijayo. Ila hizi kompyuta ndogo za mtumba zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya nyingi zina pawa saplai zenye umbo lao na plagi zao. Ya kawaida ina matundu 24 kwenye plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi. Zao mara nyingi huwa na machache, kama 6 au 8, na hazibadilishani hata zikionekana kufanana. Kwa hiyo nitumie picha tatu kwa simu: karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, ionyeshe wati na volti, plagi kubwa ikiwa imechomolewa, nihesabu matundu, na sanduku zima likiwa wazi, nione nafasi. Zipige mchana penye mwanga. Nikizipata kufikia Alhamisi, pawa saplai na asali vitaondoka pamoja. Zikichelewa, asali itatangulia na hiyo nyingine itasubiri safari inayofuata.

Wasalimie wote, na mwambie kijana mchezo wake wa mpira sasa ni kipimo, acheze huku wewe unaandika saa na kilichokuwa kimewashwa nyumbani kila inapozima.

Ni mimi shoga yako,
wa Isevya