Risala ya Wazalishaji wa Vifaranga wa Kambale kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Afisa Uvuvi, wazee wetu na wanakikundi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika kwetu Uyole licha ya mvua hii. Kikundi chetu cha wanawake na vijana huzalisha vifaranga wa kambale, na tunaomba kukueleza jambo dogo kwa umbo lakini zito kwa mifuko yetu, yaani chakula cha vifaranga hao katika siku zao za kwanza.

Kifaranga wa kambale humaliza kiini cha yai lake kwa siku tatu hivi, kisha hutaka chakula kilicho hai kinachoingia mdomoni mwake. Kinachomfaa kuliko unga wowote tuliowahi kumpa ni artemia, kamba mdogo wa maji ya chumvi, ambaye akianguliwa hafikii hata milimita moja. Mayai yake makavu hudumu koponi kwa miaka, na mengi yanayouzwa duniani yametoka Great Salt Lake nchini Marekani. Ndiyo maana kopo likifika Mbeya bei yake nayo imeshapanda mlima wa Kitonga.

Kuangua si kazi ngumu. Tunatumia chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako na kugeuzwa, chumvi gramu 30 kwa kila lita, pampu ya hewa na mwanga. Maji yakibaki kati ya nyuzi 25 na 30, mayai huanguliwa kwa saa 24 hivi. Julai ya kwanza tulidharau baridi ya hapa, tukaamkia maganda matupu na mayai yaliyolala. Tangu siku hiyo chupa hukaa ndani ya sanduku la mbao lenye taa. Kabla ya kuvuna tunazima hewa ili maganda yaelee, kwa kuwa kifaranga akiyameza utumbo huziba.

Mheshimiwa, tunataka kuzalisha mayai hayo wenyewe. Artemia hustawi penye chumvi kali kuliko ya bahari, ambako samaki wanaomla hawawezi kuishi, na huko Vinh Chau nchini Vietnam wakulima wa chumvi humfuga katika mashamba yao wakati wa kiangazi. Katika kanda yetu, chemchemi za Ivuna, wilayani Momba, zimetoa chumvi tangu enzi za mababu. Hatuombi mabwawa ya chumvi karibu na mpunga wa Usangu, maana ardhi ikishalowa chumvi mkulima hana pa kwenda, wala hatutaki artemia wa kigeni wamwagwe Ziwa Rukwa.

Kwa hiyo tunaomba utuunganishe na wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, walioko Kyela wayapime maji ya Ivuna, na NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, lituelekeze kabla jembe halijagusa ardhi. Tunaomba pia maombi yetu ya mkopo unaotokana na fungu la asilimia 10 ya mapato ya halmashauri yasikilizwe, ili tununue pampu ya pili na betri ya sola, kwani umeme ukikatika usiku hewa nayo hukatika.

Tunaomba kuwasilisha.