Kabla Hujanunua Makochi: Barua kwa Mwanangu

Moshi, mwezi wa Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea pamoja na picha zote za vyumba ulizonitumia, nami nimezitazama kwa makini kama ulivyoniomba. Unataka nikuchagulie mtindo mmoja kati ya hiyo ili uanze kununua vitu vya nyumba yako ya Sakina, Arusha. Sitakuchagulia. Kazi hii ya kushona mapazia imeniingiza katika sebule za watu wengi, hapa Moshi na huko Arusha, na zile zilizonivutia kweli hazikuanza na mwenye nyumba kuchagua picha. Zilianza na mtu anayejua anavyoishi, anachokipenda, na pale anapopenda kukaa akirudi kazini.

Hata hivyo picha zako zina faida, ila inabidi zisomwe. Nyingi ni za kuta nyeupe, kochi la kijivu na sakafu ya mbao isiyokolea. Mtindo huo una kwao, nao ni nchi za kaskazini mwa Ulaya. Mjini Stockholm, mwezi wa Desemba, mchana ni wa saa 6 hivi tu, na mtu anayepaka kila kitu rangi nyeupe anajitahidi kuutumia vizuri mwanga kidogo alio nao. Sisi tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mwanga wa adhuhuri ukipiga kwenye ukuta mweupe kabisa unaumiza macho, na vumbi jekundu la kiangazi utalikuta juu ya kochi kabla ya wiki kwisha, mbali na tope la masika linaloingia na viatu vya kila mgeni. Sisemi kwamba rangi nyeupe imekatazwa kwetu. Nasema kila picha ni jibu la swali la mtu fulani, na maswali ya nyumba yako ni mengine.

Nilipozipanga picha hizo pamoja niliona jambo ambalo pengine hukuliona mwenyewe. Karibu zote zina meza isiyo na kitu juu yake, ukuta mmoja mkubwa ulioachwa mtupu, na taa fupi iliyowekwa pembeni badala ya ile ya katikati ya dari. Hata mbili zile zenye rangi nzito, ya kijani na ya udongo, zina mambo hayo hayo. Basi kinachokuvuta ni uwazi na utulivu wa chumba, na rangi ya kijivu imepita tu humo kama msafiri. Uwazi hauuzwi dukani. Unaupata kwa kuacha kununua, na kwa kuwa na kabati zuri la kufungia vitu usivyotaka vionekane.

Sasa fungua kabati lako la nguo. Tangu ukiwa msichana umekuwa ukichagua kahawia, manjano ya haradali na kijani cha jani la mgomba, na vitenge ulivyonipa nikushonee vyote vilikuwa katika rangi hizo. Nguo ya kijivu sikumbuki kukushonea. Mtu huchagua nguo kwa ajili yake mwenyewe mara nyingi kuliko anavyochagua samani, kwa hiyo mimi huyaamini mavazi ya mteja kuliko picha anazonionyesha kwenye simu.

Baada ya hapo itazame nyumba yenyewe, na usiwe na haraka. Umelipa kodi ya miezi sita, hivyo hakuna anayekufukuza. Kaa na kitanda, meza na viti vichache, ulione jua linavyozunguka. Arusha iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua huegemea kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini. Dirisha la kaskazini litakuletea jua katika miezi ile ile ya baridi, na hapo ndipo pa kuweka kiti cha kusomea. Dirisha la magharibi ni la kuogopwa zaidi, kwani jua la saa kumi jioni huingia likiwa chini, hufika hadi ukuta wa pili na kupausha vitambaa; pazia la hapo lazima liwe na bitana. Kumbuka pia kwamba Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vigae vya sakafuni wakati huu wa mwaka ni vya baridi kwelikweli. Chumba chenye vigae vyeupe, kuta nyeupe na kochi la kijivu kitakufanya uvae sweta ndani ya nyumba. Mkeka au zulia la katani chini, na rangi yenye joto kidogo ukutani, vitabadilisha kabisa namna unavyojisikia humo.

Kuhusu rangi, mwombe kwanza mwenye nyumba ruhusa, kisha nunua kopo dogo na upake eneo kubwa, kama mita moja kwa mita moja, karibu na dirisha na jingine kwenye kona yenye giza. Litazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwa imewashwa. Watu wengi huchagua rangi dukani mchana, kisha wanaishi nayo usiku chini ya balbu. Kwenye boksi la balbu utaona kipimo cha kelvini: 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano tulivu, na 6,500 ni mweupe unaoelekea kwenye bluu, ambao unaigeuza rangi ya udongo kuwa kama ya majivu. Kwa sebule yako chukua ule wa kwanza.

Samani ninayotaka uanze nayo ni kile kiti cha babu yako cha mninga chenye mikono mipana. Pale alipokuwa akiegemeza viganja mbao imelainika na kung'aa, na mistari ya wekundu uliokolea inaonekana ndani ya ule ukahawia kuliko mahali pengine popote kwenye kiti. Maungo yake hayajalegea mpaka leo, maana mninga ni mbao isiyosinyaa sana. Kiweke katikati ya chumba, uvute rangi zako kutoka humo, na utashangaa jinsi zinavyokaribiana na zile za kabati lako la nguo. Vingine vyote vichongwe polepole. Mafundi wa Arusha watakutajia mninga, mkongo, saipresi na paini kwa bei zinazotofautiana sana; wewe sisitiza kuuliza kama mbao imekauka, kwa sababu mbao mbichi ikikaukia ndani ya nyumba hupinda na maungo yakaachia. Usinunue seti nzima ya makochi kwa siku moja, hata kama umekopeshwa kwa masharti nafuu.

Ukipenda picha ya Tingatinga, sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, chukua moja tu nzuri. Rangi zake ni kali na zinang'aa, zinahitaji ukuta mtupu wa kupumulia, na wewe ukuta huo unao. Usiijaze sebule vinyago, ngao na shanga za Kimasai kwa pamoja kwa sababu tu vinauzwa karibu. Chumba cha namna hiyo kinamfaa mgeni wa hotelini anayekaa siku mbili.

Shangazi yako tayari anakufumia vitambaa vya makochi, vyeupe, vya duara. Vipokee kwa mikono miwili. Kimoja kitandike kwenye stuli ya chumba cha wageni akione akija, na vingine vitunze vizuri.

Mapazia ni yangu, hilo halina mjadala. Nipimie kila bomba la pazia kwa sentimita, kisha kutoka kwenye bomba hadi sakafuni, wala usiishie chini ya dirisha kwa nia ya kubana kitambaa. Nitahitaji upana wa mara mbili hadi mbili na nusu ya bomba ili mikunjo ijae. Niandikie pia kila dirisha linaelekea upande gani, na usiniambie rangi ya kitambaa mpaka umeshaishi humo mwezi mzima.

Baba yako anakusalimu sana.

Ni mimi mama yako