Kwa mdogo wangu anayeutaka uhandisi ujenzi

Baba na Mama, shikamooni. Barua hii someni wote, ila mlengwa ni mdogo wangu, aliyeuliza uhandisi ujenzi unasomwaje na kama hesabu zake zitatosha.

Mdogo wangu, shahada hii kwa kawaida ni miaka minne, kwingine mitano. Mwanzoni zege utalisikia kwa mbali tu. Utakaa na kalkulasi, fizikia, uchoraji, na somo linaloitwa statiki: hesabu za kani kwenye vitu vilivyotulia. Hilo lishike hasa. Wengi wanaokwama kwenye masomo ya miundo mwaka wa tatu, ukiwafuatilia utakuta statiki waliipita kwa kukariri.

Kwenye karatasi sheria zake ni tatu tu. Kani za kulala zijumlishwe zipate sifuri, za wima vilevile, na momenti (nguvu za kuzungusha, yaani kani mara umbali wake) kuzunguka nukta yoyote nazo zipate sifuri. Kazi ngumu ni mchoro. Unakitenga kipande unachokichunguza, na kila kilichokuwa kinakigusa unakiondoa, mahali pake unachora mshale. Ukisahau mshale mmoja, hesabu itatoka safi kabisa na jibu litakuwa la uongo.

Chukua boriti ya mita 6 iliyolala juu ya nguzo mbili, imebeba kilonewtoni 20 (kilonewtoni ni kipimo cha kani) kwa kila mita. Mzigo wote ni 120, kila nguzo inapokea 60. Momenti kubwa iko katikati: 20 × 6 × 6 ÷ 8, yaani kilonewtoni-mita 90. Sasa irefushe iwe mita 12 bila kubadili kingine. Momenti inafika 360, mara nne ya ile ya kwanza, na kule kubonyea katikati kunaongezeka mara 16. Kwa hiyo ukiona mchoro wenye ukumbi mpana usio na nguzo, ujue kuna mtu atakesha.

Boriti hiyo ikielemewa, tumbo linavutwa na mgongo unabanwa. Zege linastahimili kubanwa. Kwenye kuvutwa nguvu yake ni kama sehemu ya kumi tu, ndiyo maana nondo kuu zinalazwa chini. Roshani iliyoshikwa upande mmoja tu ni kinyume chake: mgongo ndio unaovutwa, nondo zikae juu. Hapa ndipo yanapotokea maafa. Nondo zinafungwa juu vizuri, kisha wanaomwaga zege wanazikanyaga, zinashuka sentimita kadhaa. Ikishapigwa lipu hakuna atakayeona kitu. Dawa yake ni vigoda vya chuma vya kuzishikilia, na jicho la mtu wakati zege linamwagwa, si kesho yake.

Maabara utaipenda. Mtamwaga zege kwenye boksi za milimita 150 kila upande, mtalishindilia kwa tabaka, mtaliloweka, kisha mtalivunja kwa mashine siku ya 28. Mengine huvunjwa siku ya 7 kuchungulia tu. Mara nyingi yanakuwa yamefika kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Mashine ikisoma kilonewtoni 562.5, gawa kwa eneo la milimita za mraba 22,500, unapata megapaskali 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, ndiyo nguvu ya zege hilo. Angalia vipimo! Kuchanganya mita na milimita kunakula alama kuliko kalkulasi yote.

Na maji. Uwiano wa maji kwa saruji ukiwa 0.5, mfuko wa kilo 50 unataka lita 25. Karibu nusu ya hayo ndiyo saruji inayoyatumia kuganda. Mengine ni ya kulainisha mchanganyiko, na yakiondoka yanaacha vitundu. Sasa tuseme mchanga wako ni kilo 100 ukiwa mkavu, lakini umelowa kwa asilimia 5. Hizo ni lita 5 ambazo hukuzipima. Uwiano umekuwa 0.6, vipande vya zege vinavunjika kwa mzigo mdogo, na lawama zote anatupiwa muuza saruji.

Udongo, maji ya mifereji, barabara na upimaji ardhi vinafuata, kila kimoja na mitego yake. Kwenye udongo utasokota uzi wa mfinyanzi kwa kiganja hadi unene wa milimita 3. Ukianza kukatika hapo hapo, umepata kikomo cha unyumbufu, yaani kiwango cha maji ambacho chini yake udongo haufinyangiki tena. Inaonekana mchezo wa watoto, na wengi wanausokota kwa haraka wanaukosea.

Kuhusu hesabu zako, jipime na hili. Boriti ya mita 4 imelala juu ya nguzo mbili, na mzigo wa kilonewtoni 12 umekaa mita 1 kutoka nguzo ya kushoto. Uzito wa boriti yenyewe uache. Kila nguzo inabeba ngapi? Niandikie majibu pamoja na mchoro wa mishale. Yakijumlishwa yasipofika 12, usitume kwanza.

Wasalimie wote.